Kabla Hujaziita Nyimbo za Wazee: Stori Kutoka Mpakani

Kuna video fupi niliwahi kuweka nikisema nyimbo za kitabu kanisani zifungiwe kabatini pamoja na daftari la mahari. Nilisema ni masalio ya mkoloni, zinaenda polepole kama trela kwenye foleni ya Malaba. Wengi mlicheka, wengi mkaisambaza. Leo narudi kujisahihisha. Sio kwa yote, lakini kwa mengi.

Kilichonirudisha ni kesha la matanga pande za Amagoro. Nyanya wa rafiki yangu alikuwa ameaga. Nyinyi mnaotoka huku mnajua kesha zetu: hema, majiko, chai ya rangi, na spika zinazosikika mpaka ng'ambo ya mto. Vijana wa sifa walikuja na kinanda, maikrofoni tatu na projekta ya kurusha maneno kwenye shuka jeupe. Wakaanza vizuri sana. Saa sita na kitu usiku jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Giza. Vijana wa sifa, mimi nikiwa katikati yao nikishika waya, tukabaki tumesimama kama watu walioshukishwa stendi wasioijua. Bila shuka lile hatukuwa na maneno. Bila kinanda hatukuwa na sauti ya kuanzia. Kukawa kimya labda dakika moja, lakini kwenye matanga dakika moja ya kimya ni ndefu.

Halafu mama mmoja mzee, amekaa chini kwa mkeka, akaanzisha wimbo kwa Kiateso. Wenzake wakadakia. Ubeti wa pili ukageuka Kiswahili, na wanaume waliokuwa nje kwa moto wakajibu kwa sauti nzito. Baadaye ukaingia ule wa Kiganda ambao karibu kila mlokole wa Afrika Mashariki anaujua. Waliimba hadi jogoo la kwanza, hakuna kitabu, hakuna tochi. Sisi tulipiga makofi tu, kama wageni kwenye kilio chetu wenyewe.

Nikarudi nyumbani na swali moja: kwa nini hasa Wakristo huimba kwenye ibada? Mbona wasisali tu, wahubiri, watoe sadaka, waende? Nimesoma, nimeuliza, na nimegundua nilikuwa naongea kitu nisichokijua.

Tuanzie mbali kidogo

Kuimba hakukuanzia Uingereza. Zaburi zote 150 zilikuwa nyimbo za Wayahudi kabla hata neno "Mkristo" halijakuwepo. Mathayo na Marko wanasema kwamba usiku wa karamu ya mwisho, Yesu na wanafunzi waliimba, ndipo wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Yaani muda mfupi kabla ya kukamatwa, mtu anaimba. Paulo na Sila nao, kule Filipi, wanaimba gerezani usiku wa manane huku miguu iko kwenye mkatale na wafungwa wengine wanawasikiliza.

Hata watu wa nje waliliona hilo. Karibu mwaka 112, gavana mmoja wa Kirumi aitwaye Plinio alimwandikia barua Mfalme Trajano kuuliza afanye nini na hawa Wakristo wa jimbo lake, pande za Uturuki ya leo. Katika mambo machache aliyofaulu kuyajua, moja ni kwamba hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama Mungu. Hawakuwa na majengo wala mnara wa kengele. Walikuwa na wimbo.

Sasa hapa ndipo stori inanoga. Katika karne ya 4 viongozi wa kanisa walikutana Laodikia, wakaandika kanuni kwamba kanisani wasiimbe wengine ila waimbaji walioteuliwa, wale wanaopanda jukwaani na kuimba kutoka kitabuni. Soma hiyo tena. Waimbaji maalum, jukwaani. Si unaona kama tunaambiana kitu cha Jumapili iliyopita? Lakini karne hiyo hiyo, huko Milano mwaka 386, Askofu Ambrosi alikuwa ndani ya kanisa na waumini wake wakikataa kulikabidhi kwa watu wa mfalme, na akawafundisha wote kuimba ili wasikate tamaa. Agostino aliandika habari hiyo na jinsi yeye mwenyewe alivyolia aliposikia.

Kwa hiyo tangu mwanzo vita ilikuwa moja: nani ana ruhusa ya kuimba? Kwa karne nyingi Ulaya, sehemu kubwa ya uimbaji ilibaki kwa watawa na kwaya, kwa Kilatini, na mwananchi wa kawaida akasikiliza. Martin Luther alipochapisha vitabu vya nyimbo kwa Kijerumani mwaka 1524, alikuwa anamrudishia fundi viatu na mama wa sokoni sauti yao. Isaac Watts akafuata na kitabu chake mwaka 1707, kisha Charles Wesley, aliyetunga nyimbo zaidi ya 6,000. Hizo ndizo nyingi zilizokuja huku ndani ya masanduku ya wamisionari.

Wimbo uliofika kabla ya mpaka

Lakini usikimbilie kusema "si nilisema, ni za mzungu". Sikiza hii.

Tarehe 31 Januari 1885, nje kidogo ya Kampala ya leo, mahali paitwapo Busega, vijana watatu waliuawa kwa moto kwa amri ya utawala wa Kabaka Mwanga. Majina yao ni Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Huyo Lugalama alikuwa mtoto wa miaka kama 12. Masimulizi ya wamisionari waliokuwa Buganda yanasema vijana hao walikufa wakiimba. Na wimbo wanaotajwa nao ulikuwa kwa lugha gani? Kiswahili.

Ndiyo, Kiswahili, ndani ya Buganda, mwaka 1885. Lugha hiyo ilikuwa imefika ikulu ya Kabaka na wafanyabiashara wa Pwani, na mmisionari Alexander Mackay, aliyefika 1878, alifundisha akitumia Maandiko ya Kiswahili yaliyotoka kwa Askofu Steere wa Zanzibar. Kwa hiyo wimbo uliokuwa midomoni mwa watoto hao haukuwa Kiingereza wala Kiganda. Ulikuwa lugha hii hii ninayokuandikia sasa, iliyopanda kutoka baharini kwa miguu ya wapagazi.

Mwaka huo huo Askofu James Hannington alikuja kwa njia mpya, akikata Umasaini hadi Mumias, wakati huo ikiitwa Kwa Sundu kwa jina la mfalme wa Wanga. Pale akaacha sehemu kubwa ya msafara wake chini ya shemasi Mwafrika, William Jones, mtumwa wa zamani aliyekuwa amewekwa ushemasi mwaka huo. Hannington akaendelea na wachache. Ukitoka Mumias kuelekea Busoga kwa miguu unapita nchi hii yetu, ya Wakhayo, Wasamia na Wateso. Alikamatwa Busoga na kuuawa tarehe 29 Oktoba 1885. Shajara yake ilipatikana, na ndani yake ameandika kwamba siku waliyomkamata na kumburuta, aliimba wimbo wa Fanny Crosby, mtunzi kipofu wa Marekani.

Piga picha: vijana ndani ya Buganda wanaimba kwa Kiswahili, askofu Mwingereza anaimba wimbo wa Mmarekani asiyeona, wote ndani ya miezi tisa. Hakuna anayemwimbia mtu kwa ajili ya sifa. Wanaimba kwa sababu hofu imefika shingoni, na wimbo ndio kitu pekee ambacho hakuna anayeweza kukunyang'anya mkononi.

Mistari miwili: ya mpaka na ya shule

Mpaka wenyewe ulikuja baadaye. Hadi 1902 hapa Busia na Malaba palikuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo Waingereza walihamisha jimbo zima la mashariki mwa Uganda na kulitia upande ambao leo ni Kenya. Wasamia wakagawanywa, Wateso wakagawanywa, shangazi akabaki huku na mpwa kule. Hakuna aliyeulizwa.

Wamisionari wakafuata karibu wakati huo huo. Maquaker walifika Kaimosi 1902, Wakatoliki wa Mill Hill wakafungua Mumias 1904, Waanglikana Maseno 1906, kisha Butere 1912. Karibu kila misheni ilianza na shule, na Mkristo aliitwa msomi. Lakini wengi hawakujua kusoma bado, na wimbo ndio uliwafikishia mafundisho. Mahubiri ya saa nzima utasahau ukifika mtoni, lakini beti nne zenye mahadhi utakwenda nazo shambani, jikoni na kwa mifugo. Yule mama wa mkekani Amagoro alikuwa amebeba theolojia yake yote kichwani, imepangwa kwa vina. Kwa watu wenye utamaduni wa masimulizi hilo halikuwa geni. Hata jina la kitabu maarufu, Tenzi za Rohoni, limetumia neno la washairi Waislamu wa Pwani, utenzi, waliokuwa wakisimulia mambo ya dini kwa beti karne nyingi nyuma.

Sasa nikiri upande ambao bado ninausimamia. Pamoja na nyimbo hizo kulikuja dharau. Misheni nyingi zilizikataa ngoma, zikasema ni za shetani. Mteso aliambiwa aache akogo na adeudeu yake mlangoni, aimbe mahadhi yaliyotungwa London, na maneno yaliyotafsiriwa yakalazimishwa kuingia kwenye mahadhi hayo hata pale yalipovunja mkazo wa lugha. Kwa hiyo ukisema nyimbo hizi zilikuja na mkoloni, hujakosea kabisa.

Ila Waafrika hawakukaa kimya. Mwaka 1942 Zakayo Kivuli, aliyetoka misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori, alianzisha African Israel Church Nineveh. Umewaona, hata kama hujui jina: mavazi meupe, bendera, ngoma, wanaandamana barabarani wakiimba. Na Maquaker? Hao ndio walionichekesha. Asili ya dini yao Uingereza ni kukaa kimya kwenye ibada mpaka Roho amguse mtu aseme. Waliokuja Kaimosi kutoka Marekani walikuwa tayari wameanza kuimba, lakini nenda leo kwenye mkutano wa Maquaker wa Magharibi mwa Kenya uniambie hicho kimya kiko wapi. Tulikipokea, tukakifunika na nyimbo.

Bodaboda ya kiroho

Mnajua bodaboda ilizaliwa huku, sivyo? Baiskeli za kuvusha watu na mizigo kati ya ofisi za mpaka, jamaa wakiita "boda, boda". Dunia nzima ya Afrika Mashariki imelichukua jina letu. Basi kabla ya baiskeli hizo kuwa maarufu, kuna wimbo uliokuwa ukivuka kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 1929, kilima cha Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda. Wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Kutoka hapo, na kutoka hospitali ya Gahini kule Rwanda alikofanya kazi Church, ukawaka Uamsho wa Afrika Mashariki. Kundi lao lilifika Kenya mwaka 1937. Walokole hawa walikuwa na utaratibu ambao uliwaudhi wengi: mtu anasimama mbele ya watu na kuungama waziwazi. Niliiba. Nilimchukia ndugu yangu. Nilimdharau mfanyakazi wangu kwa rangi yake. Akimaliza, hakuna anayemhoji. Wote wanaimba Tukutendereza.

Jina hilo kwa Kiganda ni "tunakusifu". Wimbo wenyewe ulitokana na wimbo wa Kiingereza wa karne ya 19, lakini ukisema ni wa Kiingereza leo utachekwa. Mkikuyu anauimba kwa Kiganda, Mjaluo anauimba kwa Kiganda, Mluhya na Mteso vivyo hivyo, na wengi wao hawawezi kununua hata ndizi kwa Kiganda. Hawakuona haja ya kuutafsiri. Umekuwa kama salamu: ukiuanzisha kwenye basi kutoka Busia kwenda Jinja, utajua mara moja ni nani ndugu yako.

Fikiria kazi ambayo wimbo ule ulikuwa unafanya. Mtu amejivua nguo mbele ya kijiji, kwa maneno. Kumjibu kwa hotuba kungemwaibisha, na kunyamaza kungemuua. Wimbo ulimfunika. Ulimwambia: tumesikia, bado wewe ni wetu. Ukiniuliza kwa nini Wakristo huimba, hapo ndipo nimeona jibu lililo wazi kuliko yote.

Mmoja aliyeokoka kwenye uamsho huo mwaka 1948 ni mwalimu Mwacholi, Janani Luwum. Alikuja kuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, akamkosoa Idi Amin, na akauawa Februari 16, 1977. Serikali ikakataa kuutoa mwili kwa mazishi Namirembe. Waumini wakakusanyika hata hivyo, kaburi likiwa wazi karibu na la Hannington, wakaimba. Katika miaka hiyo Waganda wengi walikimbia kuja Kenya, na vivuko vya Busia na Malaba vilikuwa mlango wa wengi. Walikuja bila mali. Naamini baadhi ya nyimbo nilizozisikia kule Amagoro zilivuka na watu wa aina hiyo.

Na Wakatoliki je?

Wasee wa Katoliki msiseme nimewasahau. Hadi miaka ya 1960 Misa ilikuwa Kilatini. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia ilitoka Desemba 4, 1963, ikafungua mlango wa lugha za wenyeji na muziki wao. Mwaka uliofuata, Oktoba 18, 1964, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda. Ngoma zilizofukuzwa zikarudi, kayamba zikaingia, na leo Misa ya Kiswahili yenye kwaya ya nguvu ni kitu cha kawaida mpaka tunasahau kwamba babu zetu hawakuiona.

Ukitaka kuona wimbo unavyofanya kazi, simama barabarani Busia au Malaba mwezi Mei. Utaona mahujaji wa Kenya wanaelekea Namugongo kwa sikukuu ya Juni 3, kwa miguu, rozari shingoni, viatu vimechakaa. Kutoka mpakani hadi Kampala ni karibu kilomita 200, na wengine wameanzia mbali zaidi. Malori yanawapita, mvua inawanyeshea. Wanaimba. Kwenye barabara kama hiyo wimbo ndio unaowapa hatua, unamvuta aliyechoka, unawaweka pamoja.

Basi tufanye nini?

Hapa ndipo maoni yangu. Tumekuwa tukibishana vitu visivyo. Upande mmoja wazee wanasema nyimbo za vijana ni kelele, upande mwingine sisi tunasema nyimbo za wazee ni usingizi. Lakini umri wa wimbo sio tatizo. Kila wimbo wa kitabu ulikuwa mpya siku moja, na wengine walilalamika. Swali ni lile la Laodikia: nani anaimba?

Angalia makanisa mengi ya mjini sasa, pamoja na langu. Watu sita jukwaani, taa, spika inayotikisa kifua. Chini, mia tatu wamenyoosha simu wanarekodi. Mtu akiacha kuimba hakuna anayegundua, hata yeye mwenyewe. Tumerudisha jukwaa la karne ya 4, tofauti ni kwamba sasa lina kebo.

Mtaniambia vijana wa sifa wana vipaji na wanamtumikia Mungu. Kweli, mimi ni mmoja wao. Mtaniambia pia nyimbo mpya zina lugha tunayoielewa. Kweli pia. Siombi projekta zichomwe, na yule atakayetaka kurudisha marufuku ya ngoma atanikuta mlangoni. Ninachosema ni hiki: wimbo wa ibada ni ule ambao umeme ukipotea, unaendelea. Kama unakufa na jenereta, tulikuwa tunatumbuizwa tu.

Na sio jambo dogo huku kwetu. Mnajua matanga ya siku hizi yanavyogeuka disko matanga, watoto wa shule wanakesha humo, na mengi mabaya yanafuata. Tunalaumu muziki. Mimi nadhani kuna pengo pia. Wazee walikuwa na kitu cha kufanya na usiku ule mrefu: waliujaza kwa nyimbo, zamu kwa zamu, mpaka asubuhi. Sisi hatujui beti zao, kwa hiyo tunakodisha spika.

Nilirudi kwa yule mama wa mkekani wiki chache baadaye. Nilimwamkia, nikamuomba anifundishe ule wa Kiateso. Akaniuliza, "Mwanangu, unataka kuuimba au unataka kuurekodi?" Nikacheka, nikaiweka simu mfukoni. Alinirudisha mara tano kwenye mstari mmoja mpaka nikaushika. Sasa ninao mmoja. Mmoja tu, lakini hauhitaji chaji.

Nawapa kazi ya wiki hii. Tafuta nyanya, babu, mama wa kanisa, yeyote. Muombe akufundishe wimbo mmoja, beti zote, kwa lugha aliyoupokea nayo. Muulize alifundishwa na nani, na alikuwa wapi. Halafu uje kwenye komenti uniambie ni lugha gani na wimbo ulitoka upande gani wa mpaka. Nina hakika tutashangaa.